Kofi la Kufunga

3 Machi
Daktari amenipa daftari hili niandike kila siku nimekunywa dawa saa ngapi na nimelala vipi. Dawa ni mbili, kurasa ni mia mbili. Nimekuwa mhariri wa filamu maisha yangu yote ya kazi, na mwalimu wa uhariri miaka kumi na tisa. Karatasi tupu inanikera kama kipande kirefu cha picha kisicho na kitu ndani yake. Nitajaza.

Dawa asubuhi saa mbili, jioni saa moja. Mvua zimeanza. Shemeji ameweka ndoo jikoni.

4 Machi
Shemeji ni mjane wa mdogo wangu. Tangu moyo wangu uchoke, miezi minane sasa, ananitunza katika chumba cha uani cha nyumba yake. Mikono yangu inatetemeka, kwa hiyo kila asubuhi ananishikia kikombe cha uji mpaka nimalize, huku akinisimulia habari za mtaa ambazo nusu yake amezitunga. Daktari hakuzunguka: mvua hizi nitaziona, zijazo nisizitegemee.

Paa la jikoni linavuja pembeni mwa mlango. Limevuja kila masika tangu mdogo wangu afariki, miaka ishirini na mitatu sasa. Mafundi watatu wamepanda, wamepaka lami, wameshuka. Ndoo inarudi palepale.

7 Machi
Dawa, ndiyo. Usingizi, hapana.

9 Machi
Leo imeanza kazi ile niliyokuwa nikiiogopa, nami nilidhani nitakufa kabla yake.

Binti wa mdogo wangu, tunayemwita Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla hajaota meno na hajanyamaza hadi leo, amechukua likizo ya mwezi mmoja. Yeye naye ni mhariri; nilimfundisha mwenyewe. Alinibebea kiti hadi sebuleni, akafungua kompyuta yake mezani, kisha mama yake akatoka chumbani na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa cha kichwa. Niliijua ile diski kabla kitambaa hakijafunguliwa.

Ndani yake kuna faili moja. Mwezi mmoja kabla ya kufa, mdogo wangu aliweka kamera ndogo juu ya rundo la vitabu, akaketi mbele yake, akaongea na mkewe na mtoto wake aliyekuwa na miaka mitatu. Kanda alinipa mimi niihamishie kwenye kompyuta. Baada ya mazishi nikampa Shemeji diski, nikamwambia faili limekufa, nimejaribu kila njia, aitunze tu kama kumbukumbu. Kanda yenyewe iliota ukungu. Hilo la ukungu ni kweli.

Sasa sikio la kushoto la Shemeji limeziba kabisa, na la kulia daktari wake amesema halitamaliza mwaka. Anataka kuisikia sauti ya mumewe kabla halijaondoka. Chiriku amemwahidi.

"Tutaifungua, Baba Mkubwa," aliniambia. "Wewe kaa hapo, mimi nihangaike, nikikosea unizomee kama zamani."

Nikakaa.

10 Machi
Programu yake ya kuhariri imekataa: aina ya faili haijulikani. Amejaribu nyingine tatu. Zote zimekataa.

11 Machi
Jumatano. Shemeji amekwenda kwenye darasa lake. Kuna mwalimu anayewafundisha watu wanaopoteza masikio kusoma maneno mdomoni mwa mtu. Akirudi hututazama midomo kama mtu anayesoma bango kwa mbali. Anasema Chiriku anamshinda, mdomo wake una mwendo wa cherehani, lakini mimi ni rahisi kwa sababu nilizoea kuongea na wanafunzi waliolala.

Nimejikuta naziba mdomo kwa kiganja ninapoongea naye.

13 Machi
Chiriku hakulazimisha tena. Alilifungua faili kama maandishi, akasoma herufi za mwanzo kabisa, zile ambazo faili hujitambulisha nazo. Akacheka peke yake. Jina la nje linasema ni aina moja, tumbo lake linasema ni nyingine. Mtu alibadilisha zile herufi tatu za mwisho wa jina.

Akasema aliyefanya hivyo alikuwa mshamba wa kutupwa, pengine fundi wa kompyuta wa dukani, akitaka kuonekana amegusa kitu. Akaniuliza kama nilimpelekea mtu wakati ule.

Nikasema ndiyo, kulikuwa na kijana mmoja dukani.

Hakukuwa na kijana. Nina miaka sabini na tisa, kifo kimekaa mlangoni kinanisubiri nivae viatu, na leo nimetunga mtu mzima mwenye duka ili abebe kosa langu.

14 Machi
Mvua kutwa. Ndoo imemwagwa mara tatu. Dawa, ndiyo.

17 Machi
Amelirudishia faili jina lake la kweli. Limefunguka, lakini skrini imejaa mistari ya kijani, hakuna mtu ndani. Nilishukuru, kisha nikaona haya kwa kushukuru.

Alimweleza mama yake tatizo, na alieleza vizuri kuliko nilivyowahi kufundisha. Picha ya video ni kubwa, alisema, haiingii kwenye diski bila kukunjwa, kama shuka inavyokunjwa iingie kabatini. Kodeki ndiyo namna ya kukunja. Anayekunjua lazima ajue mikunjo ya aliyekunja, la sivyo anapata kitambaa kilichosokoteka. "Sasa, Mama, aliyekunja shuka hii alitumia mikunjo yake mwenyewe."

Shemeji akanigeukia, akanitazama mdomo, akingoja niseme mikunjo ile ni ya nani. Nikasema mashine za wakati ule zilikuwa nyingi, nimesahau.

Sikusahau. Naweza kuichora ile kadi ya kompyuta iliyoikunja, na skrubu zake zote.

18 Machi
Dawa asubuhi. Ya jioni nilisahau kwa kweli.

21 Machi
Siku nne Chiriku amekuwa akijaribu kodeki za zamani, moja baada ya nyingine. Kampuni zake nyingi zilishafungwa. Anapata faili la kusakinisha mahali fulani, kompyuta yake mpya inalikataa, anatafuta njia ya kuidanganya ijifanye ya zamani, anaanza tena. Ameanza kunyamaza. Chiriku akinyamaza nyumba nzima inasikika.

24 Machi
Leo nimeteleza, na kilichoniangusha si dhamiri, ni majivuno.

Alikuwa ameamua kwamba ni kodeki fulani, akaanza kumweleza mama yake kwa uhakika wa mtu aliyechoka. Alikuwa anakosea. Na mimi, ambaye nimevumilia kumwona akiteseka wiki mbili, nikashindwa kuvumilia kumsikia akikosea.

"Siyo hiyo," nikasema. "Hiyo ikiharibika hutoa vipande vya mraba. Mistari ya kijani iliyolala hivyo ni ya kadi ile yenye kisanduku cha bluu."

Nikataja na jina lake.

Chiriku aliacha kibodi. "Mbona ulisema umesahau?"

Nikasema uzee hufungua na kufunga wenyewe. Hakucheka.

25 Machi
Picha imefunguka. Kuna watu mahali fulani duniani wanaotunza kodeki zilizokufa kwa mapenzi tu.

Nitaandika kila kitu.

Mdogo wangu ameketi kwenye kiti cha mbao. Tulimwita Jicho, kwa sababu alikuwa mpiga picha, na kwa sababu hakuna kilichompita. Amekonda, kola ya shati imekuwa kubwa kuliko shingo. Anaitazama kamera, anainua mikono mbele ya uso, anagonganisha viganja mara moja. Halafu anaanza kuongea, na hakuna sauti.

Shemeji alikaa chini sakafuni karibu na skrini. Hakulia. Aliweka kidole kwenye kioo, penye mfuko wa shati, akasema lile shati alilipiga pasi yeye.

Chiriku alijaribu kutafuta sauti ndani ya faili. Hakuna, si kwamba imeharibika, haimo. Mifumo ya uhariri ya wakati ule ililaza picha na sauti katika mafaili mawili, vyumba viwili tofauti. Mimi nilimpa Shemeji chumba kimoja.

Kisha Chiriku akarudisha mwanzo, kwenye vile viganja. Akarudisha tena.

"Baba alipiga kofi," akasema polepole. "Mtu hapigi kofi kwa picha bubu. Amepiga ili mhariri apate mahali pa kuunganisha sauti na picha. Basi sauti ilikuwepo."

Kofi lile mimi ndiye niliyemfundisha, alipokuwa na miaka kumi na saba na anashika kamera kwa mara ya kwanza. Alilipiga kwa ajili ya mhariri. Mhariri nilikuwa mimi.

26 Machi
Shemeji anaitazama ile picha bubu tangu asubuhi. Uji ameuchelewesha.

27 Machi
Ameitazama tena. Ana karatasi na kalamu. Anasimamisha, anarudisha nyuma, anasogeza midomo yake kama ya mumewe, anaandika neno, anakata. Niliomba nirudishwe chumbani. Nimesema ni kifua.

28 Machi
Dawa, sijui.

Asubuhi aliniletea kikombe, akanishikia kama siku zote. Nilipomaliza hakuondoka. Alitoa ile karatasi. Ilikuwa na maneno machache sana, mengi yamefutwa. Akaiweka magotini mwangu.

"Shemeji," akasema, "anasema 'kaka'. Anasema 'daraja'. Alisema nini kuhusu daraja?"

Sauti yake haikuwa ya hasira. Aliuliza kama anayeuliza njia. Nilipofungua mdomo nikainua kiganja kuuziba, akanishika mkono, akaushusha, akaendelea kuushika.

Nikamwambia. Naandika hapa nilivyosema, maana hakupata yote na nitataka ayapate.

Miaka thelathini iliyopita ilitoka filamu ya ujenzi wa daraja, yenye jina langu peke yangu. Ilinipa medali, na miaka mitano baadaye kiti changu cha chuoni. Aliyeipiga picha ni Jicho. Nusu ya pili aliikata pia Jicho, kwa sababu mimi wakati huo nilikuwa mlevi nisiyejiweza, nimelala ofisini chini ya meza, na yeye alifanya kazi juu ya meza hiyohiyo ili nisifukuzwe. Hakudai jina. Miaka kumi na tisa niliwaonyesha wanafunzi ile nusu ya pili, nikiwaambia tazameni subira ya mhariri huyu. Chiriku alikuwa mmoja wao. Aliandika kwenye daftari lake.

Nilipoihamisha kanda ya mdogo wangu, nilisikiliza hadi dakika ya sita. Hapo anamwambia mtoto wake: "Chiriku, siku ukiuliza macho hayo umeyatoa wapi, tazama filamu ya daraja. Niliipiga mimi, na nusu ya mwisho niliikata mimi, kaka alipokuwa mgonjwa. Jina langu halimo, lakini mkono wangu utaujua."

Alisema mgonjwa. Hakusema mlevi.

Nilizima hapohapo. Sikuendelea, sikuweza tena kusikiliza hata sekunde moja. Sikulifuta faili, kwa sababu katika kazi yetu picha mbichi haifutwi, ni mwiko. Nilijisifu hata kwa hilo. Nikabadilisha jina la picha, nikaificha sauti, nikavaa suti, nikaenda kumpa mjane diski.

Shemeji aliachia mkono wangu. Akauliza sauti iko wapi. Nikamwonyesha sanduku langu la vyeti, chini kabisa, diski yenye karatasi niliyoandika kwa mkono wangu: Mazoezi ya Wanafunzi. Miezi minane ilikuwa chini ya kitanda anachonitandikia yeye.

Alitoka nayo.

29 Machi
Kikombe kimewekwa mezani. Nimekunywa mwenyewe, nimemwaga nusu. Ni haki.

30 Machi
Kikombe mezani. Chiriku hajaja chumbani. Namsikia sebuleni, hasemi.

1 Aprili
Alikuja, akasimama mlangoni. Hakuniita Baba Mkubwa. Hakuniita kitu.

Sauti na picha zinapishana, akasema. Ameziunganisha kwenye kofi la mwanzo na zimekaa sawa, lakini zikifika dakika ya kumi midomo imetangulia kidogo, dakika ya ishirini imetangulia zaidi. Amekagua kasi ya fremu, ni picha ishirini na tano kwa sekunde pande zote. Amekwama.

Nikamwambia kamera zile ndogo za nyumbani hazikufunga sauti kwenye picha. Kila moja ilikwenda kwa saa yake, na zinaachana kidogo kidogo kama watu wawili wasiokwenda hatua sawa. Inabidi sauti ivutwe kidogo tu, kwa kipimo. Na kipimo kinahitaji alama mbili: ya mwanzo anayo, atafute nyingine mwishoni, kitu kinachoonekana na kusikika kwa wakati mmoja.

"Kwa hiyo ni lazima tufike mwisho," akasema.

"Ndiyo."

"Wewe hujawahi kufika."

Nikakubali. Akanibeba na kiti changu hadi sebuleni, bila upole, bila ukali, kama mtu anayehamisha spika.

1 Aprili, jioni
Dakika arobaini na moja.

Mambo yangu yanakwisha dakika ya sita na sekunde kumi na moja. Baada ya hapo hayagusi tena. Miaka yote hii nilidhani kanda ile ni kesi yangu. Ilikuwa ni mtu anayeaga nyumba yake.

Anamwambia mkewe ile sufuria kubwa iko kwa jirani, airudishe, jirani huyo ana usahaulifu wa makusudi. Anaiga anavyokoroma Shemeji, kisha anaomba radhi, kisha anaiga tena. Anamfundisha Chiriku kuhesabu hadi kumi na anakosea kwa makusudi kwenye saba ili mtoto amsahihishe. Ananyamaza mahali, akingoja mtoto aseme "saba". Ananyamaza muda mrefu, anatabasamu kana kwamba amesikia.

Chiriku, mwenye miaka ishirini na sita, akasema: "Saba."

Na dakika ya ishirini na tisa anazungumzia paa la jikoni. Anasema wasipake lami, lami haisaidii. Bati la tatu kutoka mlangoni alililaza vibaya yeye mwenyewe, la juu limeingia chini ya la chini, maji yanaelekezwa ndani. Litolewe misumari minne, lilazwe upya, basi. Anasema anaona aibu kumwachia mkewe paa linalovuja, na angepanda mwenyewe kama miguu ingemkubali.

Chiriku alisimamisha picha. Jikoni matone yalikuwa yanagonga ndoo. Hakuna aliyenitazama. Heri wangenitazama.

Mwishoni anakohoa, anainuka nusu, anakumbuka, anaketi tena. Anainua viganja mbele ya uso na kuvigonganisha. Anaitazama kamera moja kwa moja na kusema maneno ya mwisho yaliyomo kwenye kanda ile.

"Kaka, hilo ni kofi la kufunga. Usije ukahangaika kutafuta alama."

3 Aprili
Chiriku amevuta sauti kati ya makofi mawili. Imekaa sawasawa. Baba yake alijua kamera ile ina tatizo gani, na aliniwekea dawa yake mwishoni, nikaja kukwama mwanzoni.

4 Aprili
Shemeji amesikiliza. Alivaa hedifoni, akaigeuza ile ya kulia ikae vizuri, Chiriku akapandisha sauti hadi sote tukaisikia ikichuruzika nje. Kwenye lile la kukoroma alicheka na kumpiga kibao hewani. Alitazama midomo na kusikiliza kwa pamoja, alipokosa kwa sikio akapata kwa jicho. Alipomaliza akaomba tena. Mara ya tatu nilirudi chumbani kwa kushika ukuta.

5 Aprili
Fundi wa paa amekuja. Bati la tatu kutoka mlangoni. Misumari minne. Hakumaliza hata nusu saa. Aliuliza nani aliyemwelekeza vizuri hivyo, na Shemeji akasema mume wangu.

9 Aprili
Kifua kimebana siku tatu. Kikombe mezani.

Chiriku aliifungua filamu ya daraja, ukurasa wa majina mwishoni. Nilidhani ataandika yeye. Akaniwekea kibodi magotini. "Andika wewe," akasema. "Mimi nitasubiri."

Nilichukua muda mrefu, vidole viligonga herufi mbili mbili. Niliandika jina la mdogo wangu kamili, mpiga picha, na chini yake tena, mhariri. Nilipotaka kulifuta langu akanizuia. Akasema liache, chini ya lake, watu waone yote mawili na waulize. Kisha akasema nipumzike, Baba Mkubwa. Ni mazoea ya ulimi tu, najua. Nimeliandika hata hivyo.

12 Aprili
Dawa asubuhi, ndiyo.

Daktari hatalihitaji tena daftari hili. Shemeji, nitaliacha mezani, pale unapoweka kikombe. Siku ile nilipokuwa nakiri nilikuwa nalia na midomo ilikuwa inanicheza, hukupata yote. Humu maneno hayachezi. Sikuombi kitu. Niliwanyima dakika arobaini na moja kwa ajili ya sentensi tatu, nikakulaza na ndoo miaka ishirini na mitatu.

14 Aprili
Mvua kubwa tangu alfajiri, kubwa kuliko zote za mwaka huu. Mlango wangu ulikuwa wazi, naona hadi jikoni. Shemeji alitoka na ndoo, kwa mazoea, akaiweka palepale. Akavuta kigoda, akaketi, akaikodolea macho. Masikio yake hayawezi tena kumwambia kama paa linavuja, kwa hiyo kila baada ya muda aliinama, akaingiza mkono, akapapasa ndani ya ndoo.

Ilikuwa kavu. Alipapasa asubuhi nzima.